Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: mfupa uliunga, mkono haukurudi

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka Rungwe. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 68. Machi mwaka jana nilikuwa natoka migombani na mkungu kichwani. Unaijua mvua ya Tukuyu: milimita zaidi ya 2,000 kwa mwaka, na njia zetu nyingi ni miteremko ya udongo unaoteleza kama mlenda. Mguu ukaniponyoka, nikatanguliza mkono wa kulia. Nilipoinuka, kifundo cha mkono kilikuwa kimebinuka kama mgongo wa uma.

Hospitali niliyopelekwa sitaitaja. Walionipokea walikuwa wapole na kazi yao waliifanya. Eksirei ilipigwa, mfupa ukavutwa, nikafungwa hogo, yaani plasta ngumu ya kushikilia mfupa, kuanzia chini ya kiwiko. Kijana aliyenifunga akaniambia, "Bibi, mkono huo usiutumie. Rudi baada ya wiki sita."

Nikatii. Nimefundisha watoto utii miaka mingi, ningeanzaje kukaidi? Wiki sita niliubeba mkono ndani ya kanga kama kichanga. Sikukunja kidole, sikuinua bega. Vidole vilivimba, ngozi ikang'aa, nikajua ndivyo mfupa unavyopona. Siku ya kukata hogo daktari akaitazama picha mpya akafurahi: "Umeunga vizuri sana, bibi." Akanipa mkono wa kuniaga. Nikashindwa kuufumbata.

Nikarudi nyumbani nimepona.

Naomba nikueleze kupona huko kulivyokuwa, kwa sababu nadhani kwenye taarifa za hospitali niliandikwa kuwa kazi iliyokwisha. Kiganja changu kilitazama chini na kukataa kugeuka. Mtu asiyeweza kugeuza kiganja hawezi kukinga. Hakingi maji ya kunawa uso, hakingi chenji ya konda. Kanisani nilipokea kwa mkono wa kushoto, nikarudi kwenye benchi nimeinamisha kichwa. Kumenya ndizi, ambako kwetu hakuna anayekuita kazi, kulinishinda. Kisu kilidondoka kabla ya ndizi ya pili. Nguo nilizofua sikuweza kuzikamua, nikawa nazianika zikichuruzika. Kanga nilifungwa na mjukuu wa darasa la nne. Ilipofika Juni na baridi yake, kifundo kiliuma usiku kucha, nikaanza kuamini walioniambia kwamba uzee ndio huo.

Uzee haukuwa na hatia. Nililijua hilo kwa bahati tu. Nilimsindikiza dada yangu hospitalini Mbeya mjini kwa ajili ya mgongo wake, kwenye chumba cha tiba ya viungo. Mtaalamu, kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, aliutazama mkono wangu kuliko mgongo wa dada. Akaniuliza, "Mama, vidole ulikuwa unavikunja ukiwa na hogo?" Nikamwambia nilikatazwa. Akanyamaza kidogo, kisha akavuta kiti.

Alinieleza kwamba kano zinazokunja na kunyoosha vidole hupita pale pale juu ya mfupa uliovunjika, na zisipoteleza kila siku hunata. Uvimbe usiposukumwa na misuli hukaa, ukikaa unakakamaza viungo. Hogo linakusudiwa kukizuia kifundo. Vidole, kiwiko na bega vinatakiwa kufanya kazi tangu siku ya kwanza: mkono uinuliwe juu ya moyo, ngumi ikunjwe na kufunguliwa, kidole gumba kiguse vidole vingine kimoja kimoja, mara kadhaa kwa siku. Kumbe "usiutumie" ilimaanisha usibebe ndoo. Mimi nilielewa usiuguse.

Dawa aliyonipa haikuwa na bei. Nichovye mkono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi. Nikiwa nimebana kiwiko ubavuni, nishike mwiko katikati, niugeuze polepole kulia na kushoto, mpaka kiganja kianze kutazama juu. Niweke mkono mezani, kiganja kining'inie ukingoni, nikipandishe na kukishusha. Baadaye kidogo, kwa kuwa mfupa ulishaunga, nikande unga wa chapati na kukamua kitambaa kilicholowa. Kuvutika kidogo ni sawa, alisema, lakini maumivu yakidumu mpaka kesho yake nimezidisha. Ilinichukua miezi mitano. Wiki ya tatu nilikinga maji, yakavuja nusu, nikamwita mjukuu aje aone.

Nilisoma baadaye, kwa simu ya mwanangu, kwamba mvunjiko huu unaitwa kwa jina la Abraham Colles, daktari wa upasuaji wa Dublin, aliyeueleza mwaka 1814, miaka zaidi ya themanini kabla ya eksirei. Aliandika kwamba mkono hatimaye utarudia mwendo wake wote bila maumivu, ila kupinda kutabaki. Mimi kwangu ilikuwa kinyume. Mkono ulinyooka, mwendo ndio haukurudi. Nimecheka peke yangu kwa hilo.

Sasa ombi. Sikuombi jengo, wala sidai mtaalamu wa tiba ya viungo katika kila zahanati, maana najua hawapo wa kutosha. Kutoka Tukuyu kwenda Mbeya mjini ni kilomita 70 hivi. Bibi wa Mwakaleli hawezi kupanda kosta kila wiki ili akakunjwe vidole. Na pengine hana haja. Tafiti zilizolinganisha waliofundishwa vizuri mazoezi ya nyumbani na waliohudhuria kliniki mara kwa mara hazijaonyesha tofauti kubwa kwa wale ambao mvunjiko wao haukuwa na tatizo jingine. Lakini wafundishwe. Mimi sikufundishwa.

Kwa hiyo naomba uwaelekeze waganga wakuu wa halmashauri kwamba kila anayefungwa hogo la mkono atoke na karatasi moja yenye michoro, na aliyemfunga amwambie akunje ngumi pale pale, mbele yake. Tuliofundisha tunajua kuwa mtoto akisema "ndiyo, mwalimu" bado hajaelewa. Nyuma ya karatasi yaandikwe ya kumrudisha mtu haraka: vidole kuwa baridi au vya buluu, ganzi, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kidole gumba kugoma ghafla kunyooka. Na siku ya kukata hogo isiwe ya kuagana. Asiyeweza kukunja ngumi siku hiyo aandikiwe rufaa ya tiba ya viungo kabla hajavaa viatu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita kwetu kuuliza habari za vyandarua na wajawazito, wanaweza pia kuuliza, "Bibi, mwiko unageuka?"

Kuna jambo jingine nisilotaka kulipita. Mwanamke aliyekoma hedhi akianguka chini tu akavunjika mkono, mara nyingi mifupa yake imeshapungua nguvu, na nyonga inaweza kufuata. Mimi hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kuvunjika kabla, wala nilianguka wapi na macho yangu yanaonaje. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 na Sera ya Afya ya 2007 zilituahidi sisi wa miaka 60 na kuendelea matibabu, na dirisha la wazee nililikuta kweli, ndaga fijo, yaani asante sana. Nilihudumiwa mapema. Ila nilichohudumiwa kilikuwa nusu.

Michoro ya mazoezi hayo nimeichora kwenye manila, kama nilivyokuwa nikichora ramani darasani, na mtaalamu yule ameipitia na kunisahihisha mahali pawili. Nesi wa zahanati yetu ameibandika karibu na mlango wa chumba cha sindano. Ukiihitaji nitaileta ofisini kwako mwenyewe. Barua hii nimeiandika kwa mkono wa kulia kabla ya mwanangu kuichapa, na imenichukua siku mbili, kwa kuwa kidole gumba bado kinachoka mapema. Sahihi ndiyo iliyopinda.

Mwalimu mstaafu,
Rungwe