Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Port Harcourt

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Kwa kuwa kazi inakupeleka Port Harcourt, Nigeria, nakuomba utafute siku moja ushuke hadi Opobo, karibu na mdomo wa mto Imo, mji ambao nimeufundisha darasani miaka mingi bila kuutia machoni.

Mji huo ulianzishwa mwaka 1869 na Jubo Jubogha, ambaye wazungu walimwita Jaja. Alizaliwa Amaigbo, katika nchi ya Waigbo, akauzwa katika mji wa biashara wa Bonny angali mtoto. Usishangae mtumwa kuwa mfalme: “nyumba” ya Bonny haikuwa ukoo wa damu tu, bali pia kampuni ya biashara, yenye mtumbwi wake wa vita, wapiga makasia wake na madeni yake, na mtumwa hodari aliweza kuja kuiongoza. Jaja alikabidhiwa nyumba ya Anna Pepple ikiwa imeelemewa na madeni, akayalipa. Vita na mahasimu wao wa nyumba ya Manilla Pepple vilipomwendea vibaya alihama, na nyumba 14 kati ya 18 za Bonny zikamfuata.

Hakuhamia popote tu. Mawese yaliyoteremshwa kwa mitumbwi kutoka bara, ambayo Waingereza waliyataka kwa sabuni na kwa kulainishia mashine, sasa yalipita mlangoni pake kwanza. Wanunuzi waliposhikamana kushusha bei, akaanza kupeleka mapipa yake Liverpool mwenyewe.

Mwaka 1884 Waingereza walimletea mkataba wa himaya, yaani wa kumweka chini ya ulinzi wao. Aliuliza himaya maana yake nini hasa, na hakutia saini mpaka kifungu cha biashara huria kilipofutwa. Hapo ndipo nilipokuwa nikiweka chaki chini, darasa linyamaze kidogo.

Septemba 1887 Harry Johnston, kaimu konseli wa Uingereza, alimwita mazungumzoni, akimwahidi kwa maandishi kwamba hatazuiwa. Alipofika, aliambiwa achague kujisalimisha au mji wake upigwe mizinga. Ndiye Johnston yuleyule aliyepiga kambi kwenye mlima wetu huu mwaka 1884, na aliyefunga Mkataba wa Buganda wa 1900. Jaja alihukumiwa Accra, akapelekwa uhamishoni West Indies, na mwaka 1891, akiwa safarini kurudi, akafia Tenerife. Mwili wake ulirudishwa Opobo.

Sanamu yake ipo mjini. Nipigie picha, lakini si ya sanamu peke yake. Nataka niuone na mto.

Mama yako