Majengo mapya ya mjini yaturudishie baraza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya habari nzito mnazotuletea kila siku. Juma lililopita nilikwenda mjini, katikati ya Dar es Salaam, kununua zipu na vifungo, kama nilivyozoea kutumwa tangu utotoni, na nilipofika karibu na Mtaa wa Jamhuri nikaikuta nyumba ya ghorofa moja niliyoikusudia imezungushiwa uzio wa mabati, paa limeshaondolewa, na mwaka wa kujengwa uliokuwa umeandikwa kwa lipu juu ya roshani umebaki tarakimu mbili tu.

Mbele ya nyumba hiyo ndipo marehemu baba yangu aliposhona nguo kuanzia mwaka 1968 hadi 1986. Hakuwa na duka. Alikuwa na cherehani ya miguu, kiti na pasi ya mkaa, na vyote vilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa la Mhindi mmoja, ambaye hakumtoza kodi kwa sababu faida ilikuwa ya pande zote mbili: mteja aliingia ndani, akachagua tetroni au kaki, akakatiwa yadi zake, kisha akatoka hatua mbili na kumkuta fundi ameshatundika futikamba shingoni. Shule zilipokaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, na katika kumi la mwisho la Ramadhani, sisi watoto tuliketishwa pale kushona vifungo na kukunja pindo mpaka taa za mtaani zikawaka. Mteja asiye na fedha taslimu aliandikwa katika daftari moja, deni la kitambaa ukurasa wa kushoto na la ushonaji ukurasa wa kulia, na sikumbuki ugomvi wa madeni uliovuka adhuhuri ya siku ulipozuka.

Wenzangu wa rika langu wakiukumbuka mji ule hutaja sinema za Avalon na Empire, au jengo la Salamander lililovunjwa pale Mtaa wa Samora. Nami nayakumbuka hayo, ila kilichonilea mimi ni baraza. Maduka yalisimama ubavu kwa ubavu, mengi yakiwa na baraza lililofunikwa na roshani ya nyumba ya juu, hivi kwamba mtu aliyetoka Mnazi Mmoja kuelekea Mnara wa Saa aliweza kwenda sehemu kubwa ya njia akiwa kivulini, na masika yakimkuta alisimama tu akaongea na aliyemkuta pale. Chini ya kivuli hicho alikaa fundi saa na kijimeza chake cha kioo, muuza kahawa na kashata, muuza magazeti, mkata tambuu, na baba yangu.

Sisemi kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Mmoja alikaa ndani na mwingine nje, na kila mtu alijua kwa nini. Mwaka 1971, serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, mwenye duka alijikuta mpangaji wa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyosimamia majengo hayo, katika nyumba iliyojengwa na mzazi wake, na baba alipenda kusimulia kwamba ni baada ya hapo ndipo wawili hao walipoanza kunywa chai ya birika moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kitambaa kiliadimika, rafu zikabaki na vumbi, na baba akaishi kwa kugeuza kola za mashati yaliyochakaa. Biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilipolegezwa mwaka 1984, mitumba ikajaa, na aliyekuwa akishonesha shati akaanza kulinunua likiwa tayari. Kwa hiyo baba hakuondolewa na ghorofa mpya, na sina kisasi nazo.

Ninacholalamikia ni namna ghorofa hizo zinavyogusana na mtaa. Nyingi chini zina maegesho ya magari, ukuta mtupu, geti na mlinzi. Zisizo na ukuta zina kioo kinachomrudishia mpita njia jua usoni. Hakuna pa kusimama. Mwaka 2021 machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara za jiji hili, na tuliambiwa, kwa haki kabisa, kwamba barabara si soko, lakini sikusikia mtu akiuliza waliowatangulia katika kazi hiyohiyo walikuwa wakikaa wapi. Walikaa barazani, na baraza tumelivunja pamoja na nyumba.

Najua nitajibiwa kwamba nyumba kuukuu ni hatari. Zipo za hivyo, na zisizoweza kukarabatiwa zivunjwe. Ila jengo lililoanguka Mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36 lilikuwa la ghorofa 16 na ujenzi wake ulikuwa bado unaendelea.

Ombi langu kwa Halmashauri ya Jiji ni kwamba kibali cha ujenzi katikati ya mji kiwe na sharti moja la ziada: jengo lirudi nyuma kidogo katika sakafu ya chini, liache baraza lenye kivuli linalopitika na kuungana na la jirani, pamoja na nafasi iliyopimwa na kuandikishwa kwa ajili ya mafundi na wachuuzi wachache. Baraza la baba lilikuwa na upana wa hatua nne za mtoto, nami nilizihesabu mara nyingi nikisubiri kutumwa uzi. Sidhani kwamba mwenye ghorofa ishirini atafilisika kwa hatua nne.

Mtoto wa Fundi,
Magomeni, Dar es Salaam