Chanjo ya kideri ifuate kalenda, si wageni

Mhariri,

Inapofika Nanenane, au mgeni rasmi anapozuru shehia, wanafunzi wa afya ya mifugo huonekana wakiwatia kuku matone ya chanjo ya kideri, ugonjwa wa kuku uitwao pia mdondo (Newcastle). Wananchi hufurahi, picha hupigwa, gari huondoka. Ugomvi wetu hauko kwenye matone. Uko kwenye gari lisilorudi.

Kinga ya matone yale hushuka baada ya miezi mitatu hadi minne, na kundi la kuku wa kienyeji halitulii hata kwa muda huo. Majogoo huuzwa, matetea huchinjwa, vifaranga huanguliwa. Kifaranga hutoka na kinga kidogo ya mama yake, nayo humwishia katika wiki chache. Uwani walipochanjwa kuku wote mwezi wa Agosti, ikifika Disemba wengi wanaochakura jaani hawajapata hata tone moja. Hapo ndipo mtu husema chanjo haifai.

Tunachoviomba vyuo vyetu vya mifugo ni kupanga mazoezi ya uwanjani kwa miezi ya Kiislamu ambayo kila nyumba ya Unguja na Pemba inaijua: Rajabu, Mfungo Pili (Dhulkaada) na Mfungo Sita (Rabiul-awwal). Hesabuni, baina ya mmoja na mwingine pana miezi minne. Rajabu huwakinga kuku kabla ya Ramadhani na Idd, wakati matenga yanapohama kutoka shamba kwenda mjini na kideri kinapohama nayo. Mfungo Pili hutangulia Idd ya Mfungo Tatu. Mfungo Sita una Maulidi tarehe 12, kwa hiyo chanjo yake ianze mwishoni mwa Mfungo Tano, maana kinga hutaka kiasi cha wiki mbili kukomaa.

Sasa utendaji wenyewe, maana makosa mengi yako hapo. Chanjo hii ya kideri iitwayo I-2, inayotengenezwa Kibaha, asili yake ni Australia na ilikusudiwa kuku wa vijijini pasipo na friji. Ikiwa kavu na gizani, huhimili nyuzi joto 28 kwa wiki 8 hivi. Neno "inastahimili joto" limeponza wengi: kichupa huachwa mbele ya kioo cha gari, juani, na mchana wake watu wanachanja kwa maji matupu. Kibebwe kwenye kitambaa kilicholowa ndani ya kikapu, na kikishachanganywa kitumiwe siku ile ile.

Kiasi cha maji ya kuchanganyia hakikisiwi. Kila kitone, yaani kibomba cha kudondoshea, kina tabia yake, kwa hiyo mwanafunzi ahesabu kwanza matone yanayotoka katika mililita 1. Yakiwa 40, kichupa cha dozi 100 hutaka mililita 2.5, yakiwa 30, hutaka 3.3. Akimimina mililita 5 ili "chanjo itoshe mtaa mzima", kila kuku hupata nusu ya dozi, au theluthi mbili tu kwa kitone cha matone 30. Maji yawe yamechemshwa na kupoa. Maji ya mfereji yenye klorini huua kirusi cha chanjo kabla hakijafika jichoni.

Msaidizi amlaze kuku ubavu, jicho moja juu. Kitone kisimamishwe wima, kisiguse jicho, tone moja lidondoke, kisha angojewe mpaka apepese. Kitone kikiinamishwa, matone hutoka madogo na makubwa. Kifaranga wa siku moja na jogoo mzee dozi yao ni moja, jambo ambalo akina mama huligomea wakidhani mdogo atazidiwa. Kazi ifanywe alfajiri kabla banda halijafunguliwa. Saa tatu asubuhi kuku wa kienyeji humkamati. Kuchanja kwa maji ya kunywa ni rahisi, lakini wakati wa masika kuku hunywa kwenye vidimbwi na hawagusi chombo chako.

Nyumba yenye kuku wanaozubaa, wanaoharisha kijani au waliopinda shingo isichanjwe. Chanjo haitibu, na mchanjaji atatoka na ugonjwa viatuni na mikononi mpaka nyumba ya pili. Hata kuku anayeonekana mzima huenda ameshaambukizwa, kwani dalili huchukua siku 2 hadi 15 kujitokeza. Akifa siku ya tatu baada ya tone, lawama humwangukia mwanafunzi. Hilo lielezwe kabla, mbele ya sheha, si baada.

Utafiti hapa hauhitaji fedha nyingi, unahitaji daftari. Kila nyumba iandikwe kuku wangapi wapo kwa umri, wangapi wamechanjwa, wangapi wamekimbia, wangapi wamekufa tangu duru iliyopita na kwa dalili gani, pamoja na namba ya toleo la kichupa. Safu ya waliokimbia, ambayo wanafunzi huona aibu kuijaza, kwetu ina thamani kuliko ya waliochanjwa. Wiki tatu baada ya chanjo, kuku kiasi cha 20 wa shehia watolewe damu kwenye mshipa wa chini ya bawa. Bomba lilazwe kivulini mpaka damu igande, seramu, yaani majimaji yanayojitenga na damu iliyoganda, itenganishwe, ndipo isafirishwe. Damu nzima ikirushwarushwa kwenye pikipiki, seramu hutoka nyekundu na kipimo hakisomeki. Kipimo cha kuzuia chembe nyekundu zisigandane kikionesha 1:8 au zaidi, yaani seramu bado inazuia hata ikizimuliwa mara nane, kuku huyo tone lilimfikia. Mchanjaji ambaye kuku wake wengi wako chini ya hapo arudi kuhesabu matone yake.

Lipo suala la likizo. Mfungo Pili unaweza kuangukia wakati chuo kimefungwa, na kideri hakina likizo. Kila shehia iwe na watu wawili waliofundishwa na wanafunzi hao hao, ikiwezekana wanawake, kwa kuwa ndio wenye kuku na ndio wanaofunguliwa mlango alfajiri. Walipwe kidogo kwa kila kuku na mwenye kuku. Chanjo ya bure ya siku moja ndiyo inayowafanya watu wakatae kulipa duru ya pili. Daftari libaki kwa sheha, nakala iende chuoni, na darasa jipya lianzie ukurasa ulipoishia.

Wakufunzi wa afya ya mifugo,
Wete, Pemba