Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Barabara: chumvi ifike kabla ya barafu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote zinazostahili ofisi yako, nakuandikia kuhusu mteremko wa mtaa wetu, ambao usiku wa Jumanne uliganda tena bila kumwagiwa chumvi ya kuzuia barafu. Naandika kwa Kiswahili ili majirani zangu waisome wenyewe. Nakala ya Kiingereza nimeiacha mapokezi kwako, palepale zilipolala barua zetu nyingine.

Hamkushtukizwa. Tangu Jumatatu asubuhi Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani ilikwisha kutangaza kwamba mvua ya Jumanne ingekatika jioni, upepo ungegeuka na kuvuma kutoka Ziwa Erie, baridi ingefika nyuzi 12 za Selsiasi chini ya sifuri kabla ya alfajiri, na theluji ingeanguka juu ya barabara zilizokwisha kuganda. Najua theluji inayoletwa na ziwa hili ni ngumu kuitabiri, kwa kuwa utepe mwembamba wa mawingu unaweza kufukia kata moja huku kata jirani ikiota jua. Lakini baridi ya usiku ule haikuchagua kata.

Karani wako alitujibu kwamba maji ya chumvi yakinyunyizwa kabla ya mvua huoshwa. Ni kweli. Ila mvua ilikatika kabla ya saa mbili usiku, na barabara haikuganda mpaka karibu na usiku wa manane. Katika saa zote hizo hatukuona gari la chumvi hata moja. Lilipokuja, jua lilikuwa limekwisha kuchomoza, likamwaga chumvi kavu juu ya barafu, ilhali chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri chumvi ya kawaida haiyeyushi kitu cha maana. Tunashukuru kwa mapambo.

Kufikia wakati huo jirani yangu, mama mtu mzima aliyekuwa akishuka kwenda kituo cha basi kuwahi zamu ya alfajiri, alikwisha kuanguka na kuvunjika mkono. Nilitoa gari nimkimbize hospitali. Likateleza hadi njia panda, likagonga nguzo. Yeye hana mshahara mpaka mkono upone, nami nina gari lisilowaka na mwajiri asiyeamini habari za mteremko, maana barabara ya kwake ilikuwa kavu. Labda magari yenu huanzia kwenye maduka makubwa. Labda mtaa wa wapangaji, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo, hausikiki ukilalamika. Nakisia tu, kwa kuwa hakuna aliyetueleza.

Kumbuka mkutano wa Oktoba, Mheshimiwa, uliposema kwamba mteremko huu utahudumiwa miongoni mwa wa kwanza. Tulikupigia makofi. Ulitaja hata dhoruba ya Desemba 2022, iliyoua watu zaidi ya 40 katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, na vitongoji vyake, ukasema mji wetu umejifunza.

Hatuombi barabara mpya, wala taa, wala vile vyuma vya kushikia ulivyoviahidi bila kuombwa. Tunaomba chumvi, usiku uleule mvua inapokatika. Utabiri mpya umetoka leo: Ijumaa mvua mchana, barafu usiku. Tafadhali, gari lipite Ijumaa jioni.

Wako anayengoja,
Mkazi wa mteremkoni