YAH: Tulilipia ziara ya praiveti Cartagena, mkatupeleka ya kuchangia

Kwa uongozi na kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Naandika kwa sababu simu zimeshindikana. Nikipiga naambiwa kaka anayeshughulikia Amerika Kusini yuko safarini, nikipiga tena dada mwingine anasema nitume risiti upya, nikituma napigiwa vile vimikono vya asante kwenye WhatsApp halafu kimya. Kwa hiyo sasa naweka kila kitu kwa maandishi, na nakala ninayo.

Jambo lenyewe ni hili. Mliniuzia ziara ya siku nzima mjini Cartagena, Kolombia, gari letu peke yetu, mwongozaji wetu peke yetu, watu wanne, dola 640, nikalipa yote mapema kwa sababu mlisema nisipolipa nafasi inaondoka. Mwongozaji alipokuja kutuchukua alikuwa na vocha ya ile kampuni ya kule mnayofanya nayo kazi, na vocha imeandikwa nusu siku, ya kuchangia na wageni wengine, mjini tu. Nimeipiga picha na nimeiambatanisha hapa. Yaani hela mmechukua ya praiveti, mkanunua ya kuchangia, chenji ikabaki kwenu. Mengine yote nitakayoeleza yanatokana na hapo.

Labda mmesahau kwa nini tulichagua ile ziara maana nilieleza vizuri tu siku ya kwanza. Bi mkubwa wangu, yaani mama yangu mzazi, ni mwalimu mstaafu wa historia, kafundisha Bagamoyo miaka na miaka, watoto wa shule kawapeleka Kaole na Caravan Serai mpaka walinzi wanamjua. Alipokuja kututembelea huku Houston akasema upande wa Bagamoyo anaujua, ila wale waliovushwa Atlantiki walishushiwa wapi, hilo hajawahi kuliona kwa macho. Tangazo lenu ndio lilimnasa. Mliandika wenyewe kwamba Cartagena ilikuwa moja ya bandari kuu ambako Wahispania waliwashusha Waafrika waliotekwa, wengi kutoka Kongo, Angola na pwani ya Guinea, kwamba tutaonyeshwa uwanja walipokuwa wanauzwa, kanisa la San Pedro Claver, mtaa wa Getsemaní, halafu mchana tunaenda San Basilio de Palenque, kijiji cha waliotoroka utumwa. Bi mkubwa akaniomba nimchapishie lile tangazo, akalikunja akaliweka kwenye pochi. Kwa hiyo msiniambie tena kwamba "mteja hakuelewa kifurushi", tumekwenda nacho kwenye karatasi.

Gari lilikuwa lije saa mbili asubuhi. Limekuja saa tatu na robo, vani, na ndani wameshakaa watu wa meli ya kitalii na taulo zao. Nikamwambia dereva kaka umekosea hoteli. Mwongozaji akatoa simu, akatusoma majina yetu yote manne, akatuonyesha vocha. Siti zilizobaki ni za nyuma kabisa juu ya tairi, na bi mkubwa ana magoti, mnajua kwa sababu kwenye fomu yenu kuna sehemu ya kujaza hali ya kiafya na niliijaza. Nikawapigia hapohapo, hakuna aliyepokea. Sasa hao wa meli walitakiwa wawe wamerudi bandarini saa saba, meli haimsubiri mtu, kwa hiyo siku yetu nzima ikawa inaendeshwa na saa ya meli ambayo hatukupanda.

Nieleze kidogo Plaza de los Coches ili muone mlichotukosesha, maana sina hakika kama kuna mtu ofisini kwenu amewahi kufika. Unaingia mji mkongwe kwa kupita chini ya ule mnara wa saa wa njano, Torre del Reloj, ukitokeza tu ndani uko kwenye uwanja wa pembetatu, upande mmoja kuna matao wanaita Portal de los Dulces, akina mama wamepanga vitamu vya nazi na vya maziwa kwenye vyupa vikubwa vya kioo, katikati pamesimama sanamu ya Pedro de Heredia aliyeuanzisha mji 1533. Hapo ndio palikuwa soko la kuuzia watumwa. Hakuna kitu kikubwa cha kukushtua, ukipita bila kuambiwa utaona maduka na mahali pazuri pa kupiga picha, ndio maana mtu analipia mwongozaji! Kijana wenu akasema pigeni picha, onjeni vitamu, tukutane kule kwenye kona. Bi mkubwa akamfuata, akamuuliza taratibu kwa Kiingereza chake cha ualimu, hapa ndipo walipouzwa? Akajibu ndio mama, zamani sana, twende tumechelewa. Basi. Ndio somo zima. Mama yangu amesimama na karatasi yenu mkononi, jua linachoma, anaombwa asogee kidogo maana kaingia kwenye selfi ya watu.

San Pedro Claver tumeiona kwa nje. Huyo padre alifika Cartagena 1610 na kazi yake ilikuwa kushuka kwenye meli kuwapokea watu waliotolewa Afrika, anawapelekea maji na dawa wengine wakiwa mahututi, akafanya hivyo mpaka alipokufa 1654, na mabaki yake yapo chini ya altare ndani ya kanisa, chumba alichoishi nacho kipo kwenye nyumba ya watawa hapo pembeni na unaweza kuingia. Hayo mama alikuwa anajua kutoka kwenye vitabu. Alitaka aingie aone. Tukaambiwa muda hautoshi.

Ila muda wa duka la zumaridi, yale mawe ya kijani ya thamani, ulitosha. Tena ulitosha sana. Tumepelekwa kwenye duka ambalo mlango unafunguliwa kwa kengele, ndani baridi kama friji, mnapewa vikombe vidogo vya kahawa, mnaonyeshwa filamu fupi ya migodi ya zumaridi ya Muzo, halafu mnaingizwa chumba cha pili ambacho kutoka lazima upite makaunta yote. Dada mmoja amevaa glavu nyeupe akachukua mkono wa bi mkubwa bila kuuliza, akamvisha pete, akamwambia rangi hii imezaliwa kwa ajili ya ngozi yako. Mama akauliza bei kwa heshima tu, akatajiwa dola 2,300, kwa mstaafu! Akaivua mwenyewe akairudisha kwenye kile kitambaa, akaniambia kwa Kiswahili mwanangu tuondoke hapa. Tukaambiwa tusubiri kundi. Tumekaa pale muda ambao ungetosha kuingia kanisani na kutoka, na baada ya hapo tukapelekwa duka lingine tena, hilo la kofia na vibegi.

Ngome ya San Felipe nakiri ilikuwa nzuri. Pale kijana alijimwaga, katuingiza kwenye mahandaki, kaeleza ilivyojengwa ili mtu mmoja akinong'ona mwisho wa handaki sauti ifike mbali, kasimulia 1741 jinsi Vernon na meli zake za Kiingereza alivyoshindwa na Blas de Lezo, kamanda wa Kihispania, yule mwenye mguu mmoja, jicho moja na mkono uliolemaa. Anaijua kazi. Nani waliobeba yale mawe kwenye lile jua hakugusia mpaka mama alipouliza, ila alipoulizwa alijibu vizuri, kwamba ni watumwa wa Kiafrika. Tiketi za kuingilia, ambazo tangazo lenu linasema zimo kwenye bei, tumelipa wenyewe dirishani kwa peso. Risiti ipo.

Getsemaní tuliiona kwa dirisha la gari. Sina la kuongeza.

Saa saba wale wa meli wakashushwa bandarini, na mimi nikajua sasa ndio tunaelekea Palenque. Tukapelekwa Bocagrande. Kijana akasema ziara imeishia hapa, mchana ni wa kupumzika ufukweni. Jamani, sisi ni watu wa pwani. Mama amezaliwa anayasikia mawimbi. Bocagrande ni maghorofa yamejipanga kama Miami na mchanga wa kijivu, watu wanaipenda na sina ugomvi nao, ila hatukupanda ndege kwenda kukodi turubai. Na turubai tumelikodi, hela yetu. Hatujakaa vizuri akaja mama mmoja na kopo la mafuta akashika mguu wa bi mkubwa akaanza kuukanda, tunasema hapana asante, anasema ni zawadi ni zawadi, alipomaliza akadai peso elfu mia na hamsini. Hilo ni jambo linalojulikana kabisa pale ufukweni, mwongozaji wa praiveti angekuwepo angemwondoa kwa neno moja tu. Wetu alikuwa ameshaondoka, na kwa vocha yenu alikuwa na haki ya kuondoka.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Huyo kijana msimguse. Nasikia kwenye simu mmoja wenu alisema "tutamchukulia hatua mwongozaji". Hatua gani? Alifanya alicholipwa. Ametuambia waziwazi kwamba kwa ziara ya kuchangia analipwa kidogo, kinachomjazia kapu ni kamisheni ya yale maduka, ndio maana duka haliwezi kukosekana. Mngemlipa siku nzima asingekuwa na haja ya kutupeleka kwenye zumaridi. Aliposikia tumelipa dola 640 aliguna, akatuuliza mara mbili.

Mlinijibu mara moja tu kwa maneno ya maana, kwamba Palenque iliondolewa kwa sababu ya "hali ya barabara". Siku iliyofuata tumekwenda Palenque wenyewe. Barabara ileile, gari dogo la kawaida, hata tone la mvua hatujaliona, ni kama kilomita 50 tu kutoka mjini. Dada wa mapokezi hotelini ndiye aliyetuunganisha na mwongozaji ambaye ni mzaliwa wa kijiji chenyewe, tukalipa dola 210 gari na yeye pamoja na chakula.

Na ndio ikawa siku ambayo mliahidi. Pale uwanjani mbele ya kanisa kuna sanamu ya Benkos Biohó amenyoosha mkono, minyororo imekatika. Kaka yule akatukalisha kivulini akasimulia taratibu, jinsi Biohó alivyotoroka na wenzake, wakajijengea maboma msituni, jinsi wakoloni walivyoshindwa kumpata wakaamua kufanya naye mapatano, halafu wakamgeuka, wakamkamata, wakamnyonga 1621. Akatuonyesha wasichana wanasukwa nywele, akasema wazee wanasimulia kwamba misuko ilikuwa ramani ya njia za kutorokea. Hawa watu wana lugha yao, mchanganyiko wa Kihispania na Kikongo, na UNESCO ilikitambua kijiji na utamaduni wake 2005. Shemeji yenu, mpenzi wa ngumi, akapelekwa kwenye sanamu ya Kid Pambelé, mtoto wa pale pale aliyekuwa bingwa wa kwanza wa dunia kutoka Kolombia mwaka 1972, hapo ndipo alipochangamka kwa mara ya kwanza safari nzima. Mchana tukala samaki wa kukaanga na wali wa nazi na ndizi mbichi za kupondwa, spika ya jirani inapiga champeta, muziki wao uliotokana na zile sahani za santuri za Kongo na Afrika Magharibi zilizoingia Cartagena kwa mabaharia, na gitaa lile mtu yeyote aliyekulia Dar analijua. Bi mkubwa aliandika daftari zima. Nawaambia haya ili mjue hakikuwa kitu kisichowezekana. Kiliwezekana kwa dola 210.

Sasa madai yangu. Ile kampuni ya kule niliiuliza, ziara ya kuchangia ya nusu siku wanauza dola 35 kwa mtu, kwa hiyo tulichopata kina thamani ya dola 140. Nataka dola 500 zilizobaki zirudi kwenye kadi ileile, pamoja na tiketi za ngome kama zilivyo kwenye risiti. Dola 210 za Palenque sizidai juu ya hapo, sidai mara mbili, wala hela ya ule mguu kukandwa. Ile ofa yenu ya punguzo la asilimia 20 kwa safari ijayo siitaki, na naomba msinitumie tena ile picha ya mnazi.

Pia lile tangazo liondoeni au mlibadilishe. Nimeliona juzi bado lipo, maneno yaleyale, gari lako peke yako, Palenque mchana, na kuna familia ya hapa Houston imeniuliza kama ni ya kweli. Nimewajibu.

Nawapa siku 14 kuanzia leo. Zikipita, benki yangu inapinga hayo malipo, vocha na skrinshoti za tangazo ninazo na fomu nimeshaanza kuijaza. Msinipigie simu. Nijibuni kwa imeili hii hii, na ajibu mtu mwenye mamlaka ya kurudisha hela, sio yule kaka wa vimikono.

Wenu mteja,
namba ya bukingi ipo kwenye kichwa cha imeili.

Viambatanisho: picha ya vocha, tangazo lenu, risiti ya malipo, risiti ya ngome, risiti ya Palenque.