Nataka kuzalisha vijibwa, ila goti la Pamba limenitia wasiwasi

Mhariri, salamu toka Tabora. Naomba kanafasi kwenye gazeti lenu, maana nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Nina kijibwa jike, aina ya Maltese, kanaitwa Pamba, shemeji yangu alikaleta toka Dar kwa treni. Tangu watu wa hapa Isevya wakaone basi kila siku naulizwa anazaa lini, niwekee mmoja, na ukishasikia bei wanazouziana huko Dar unaanza kupiga hesabu kichwani, mara watoto wanne, mara mwakani tena, ukija kushtuka ushajenga nyumba na kuipaua.

Kilichonizindua ni kijibwa cha jirani. Kalipandwa na koko mmoja dume kubwa tu, siku zikafika 63 hivi kama kawaida yao, uchungu ukakashika jioni, kufika saa nane usiku kitoto kimekwama. Tukakafunga kwenye kanga, bodaboda mpaka kwa bwana mifugo, akatoka na tochi akakaangalia, akasema jamani mi ni wa ng'ombe na mbuzi, kupasua kambwa ka kilo tatu sijawahi. Simlaumu, angetudanganya ingekuwa bora? Kalikata roho kabla ya adhana ya alfajiri. Na msiseme ni koko tu, hivi vijibwa hata vikipandwa na saizi yao kitoto kinaweza kukwama, nyonga yenyewe ndogo.

Ndo nikaanza kuulizia kwa wanaojua. Kumbe joto la kwanza, yaani kutaka dume, linamkuta bado mtoto, miezi sita mpaka tisa hivi, hapo humpandishi, unasubiri akomae, karibu miaka miwili. Halafu kuna hili la magoti. Pamba akikimbia kuna muda anakunja mguu mmoja wa nyuma, anarukaruka na mitatu, hatua mbili tatu kisha anaushusha kama hakuna kitu. Sisi tulikuwa tunacheka, tukijua ni madaha yake! Nikaambiwa huenda ni kile kifupa cha mbele ya goti, pia, kinahama, vijibwa vinarithishana, na mwenye tatizo hilo hazalishwi hata awe mzuri vipi.

Dume nalo nilishaahidiwa, la shemeji huyo huyo. Kumbana shemeji vizuri, kumbe hilo dume na Pamba ni mama mmoja! Hapo nikasema hapana.

Sijagusa chanjo, dawa ya minyoo ambayo vitoto vinaanza kupewa wiki ya pili tu, kupe, ndorobo, na kukaa na vitoto mpaka wiki nane wakati wateja wanakugongea geti wiki ya nne. Hizo ni hela tu, zinatafutwa.

Mhariri, ombi langu ni kwa madaktari wa mifugo wanaosoma gazeti hili: huku kwetu nani anapima magoti ya mbwa, na nani anaweza kupasua kijibwa usiku wa manane? Au mpaka tupande treni twende chuo cha kilimo, SUA, Morogoro? Nikikosa wa kunijibu, Pamba atafungwa kizazi abaki kuwa wa watoto wangu tu.

Jibuni mapema lakini, maana hivi naandika yuko kwenye joto, nimemfungia stoo, na nje ya uzio wamelala koko watatu tangu juzi.

Msomaji wenu,
Isevya, Tabora