Usitoe arubuni kabla geti halijapimwa

Kiembe Samaki, Unguja

Swahibu yangu Nassor,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baad, huku sote wazima, Alhamdulillah. Mama anakusalimia na anasema dua zake unazo. Salamu nyingine zihesabu zimefika, maana nina haraka: Shaame kanionesha ujumbe wako jana usiku. Umechagua gari tatu, Nissan GT-R, Audi R8 na Porsche 911, Ijumaa unataka kutoa arubuni ya mojawapo, na moyo umeshaegemea kwenye GT-R. Nakuomba sana, usitoe hata paundi moja kabla hujamaliza kuisoma barua hii.

Gari zote tatu ni nzuri, hilo halina ubishi. Lakini wewe hukuuliza ipi nzuri. Umeuliza ipi utaiendesha kila siku, Fumba mpaka Malindi ya Mji Mkongwe na kurudi, watoto skuli asubuhi na madrasa jioni, kiangazi na masika. Hapo nguvu ya farasi si hoja tena, maana huku hutaitumia hata nusu yake. Hoja ni tumbo la gari, ukuta wa tairi, na kifaa kikiharibika kitafika kwa njia gani.

Tuanze na tumbo. GT-R ina kama sentimita 11 kutoka ardhini mpaka uvunguni, na hizo mbili nyingine hazipishani nayo sana. Ukitazama kwenye karatasi utasema zote sawa. Haziko sawa, kwa sababu ya umbali baina ya tairi za mbele na za nyuma. 911 ya toleo linaloitwa 997 ina milimita 2,350, R8 ya kwanza 2,650, GT-R 2,780. Tuta jembamba linaangalia kimo cha tumbo peke yake. Lakini tuta pana, au pale rampu ya geti inapopinda ghafla kuingia uani, linaangalia umbali huo: tairi zikiachana zaidi, tumbo linashuka karibu zaidi na ile ncha. Gari mbili zenye kimo kimoja, moja itapita na nyingine italala katikati.

Na geti lako la Fumba nalijua. Fundi alilinyanyua ili maji ya mvua yasiingie uani, na alifanya vizuri, lakini ile rampu inapinda kwa ukali sana pale juu. Kwa hiyo mwambie Shaame atafute ubao ulionyooka wa sentimita 235. Kila ncha apigilie kibao cha kusimama cha sentimita 10, kiwe mguu. Auweke njiani, mguu mmoja mbele mwingine nyuma, ausukume taratibu kuingia getini kwa mstari ule ule ambao gari itapita. Ubao ukigusa saruji katikati, 911 nayo itagusa. Kisha achukue ubao wa sentimita 278 afanye vile vile. Huo ndio GT-R. Akimaliza getini aende na mbao zake kwenye lile tuta la mbele ya skuli, mapema kabla gari hazijaanza kupita. Watu watamcheka, awaache wacheke. Na akumbuke kwamba ubao haubebi watu. Ukipanda wewe, mama watoto na mizigo ya sokoni, gari inashuka, kwa hiyo ubao ukipita kwa nafasi ya kidole kimoja hesabu haujapita.

Pua nayo ina hesabu yake, ila hapo 911 inasameheka. Ule mdomo mweusi wa plastiki chini ya bampa ya mbele umefungwa kwa skrubu na hubadilishwa peke yake. Ukikwaruza, umekwaruza kitu kilichowekwa pale kikwaruzwe.

Sasa tairi, na hili naomba ulitie akilini zaidi kuliko rangi ya gari. Namba za tairi zenyewe zinakwambia ukuta una kimo gani. 235/40 maana yake upana ni milimita 235 na ukuta ni asilimia 40 ya huo upana, yaani milimita 94. Carrera ya kawaida ya 997, yaani 911 ya msingi, ilitoka na rimu za inchi 18: mbele 235/40, nyuma 265/40, yaani milimita 94 na 106 za mpira baina ya rimu na jiwe. Ukipanda kwenye rimu za 19, mbele inakuwa 235/35 na nyuma 295/30: milimita 82 na 88. R8 ya V8 yenye rimu za 19 ni hivyo hivyo. Utasema milimita 12 ni kitu gani. Ukitoka kwenye lami kuingia njia ya mawe, rimu ikagonga ncha ya jiwe la matumbawe, hizo 12 ndizo zinazoamua kama utaendelea na safari au rimu itapasuka. Na hupasuka upande wa ndani, usikoona, upepo ukawa unatoka kidogo kidogo mpaka unamlaumu fundi wa pancha bure.

GT-R ina 255/40 na 285/35 kwenye rimu za inchi 20. Ukuta kama milimita 100, unatosha kwa hesabu. Lakini tairi zake ni zile zinazotembea bila upepo, ukuta wake umekazwa makusudi, kwa hiyo hauminyiki kama mpira wa kawaida. Kila shimo litafika mgongoni mwako. Ndani ya rimu mna kihisi cha upepo, na fundi akiing'oa tairi kwa bapa za chuma bila mashine anakivunja.

Na jina la Nissan lisikudanganye. Najua umefikiri hivyo: Nissan zimejaa Unguja, spea ziko Mwanakwerekwe. Hakuna hata kimoja kitakachokufaa. Injini ile, V6 ya lita 3.8 yenye turbo mbili, ilifungwa kwa mkono Yokohama, fundi mmoja injini moja. Giaboksi iko nyuma pamoja na difu, klachi mbili ndani yake, na inachukua karibu lita 10 za oili yake maalumu, ya bei kali. Kwenye foleni ya Darajani, sogea simama, sogea simama, klachi zile zinateleza na oili inapata moto. Beringi ya pale shafti inapotoka nyuma ya injini nayo inajulikana kwa kulegea. Utasikia mgongogongo gari ikiwa imesimama huku injini inanguruma. Tena pampu zetu zina petroli ya aina moja tu, si kama huko Uingereza ulikozoea kuchagua ya oktani 97 au 99, inayostahimili zaidi mgandamizo wa injini. Gari zote tatu zinapenda oktani kubwa, lakini turbo zinazosukuma hewa kwenye joto letu ndizo zinazoumia mwanzo: kompyuta inarudisha nguvu nyuma, nawe unabaki na gharama za GT-R bila GT-R yenyewe.

R8 naipita haraka. Viti viwili, basi. Watoto utawaweka wapi? Na hiyo uliyotuma picha, ya mwaka 2008, ni R tronic, klachi moja inayokanyagwa na presha ya oili badala ya mguu wako. Haipendi kabisa kutambaa kwenye foleni. Shokapu zake za sumaku zikianza kuvuja unabadilisha nzima. Ukitaka kuiangalia tu, nunua. Ukitaka kuiendesha, achana nayo.

Basi narudi kwenye 911, na hapa lazima uwe makini na mwaka. 997 ziko mbili. Za mwanzo, kuanzia 2005 mpaka 2008, zina beringi ya shafti ya kati ndani ya injini, ambayo ikifa inaondoka na injini yote, na kwa nyingi kati yao huwezi kuibadilisha bila kupasua bloku. Tena kuta za silinda hukwaruzika. Dalili ni bomba moja la ekzosi kuwa na masizi kuliko jenzake, mgongano mwepesi injini ikiwa ya moto, na oili inayopungua. Kuanzia modeli ya 2009 injini ilibuniwa upya, beringi hiyo haipo kabisa. Kwa hiyo unatafuta Carrera ya kawaida ya 2009 mpaka 2011, lita 3.6, bila S (ile yenye nguvu zaidi), bila turbo, yenye rimu za 18. Wauzaji wengi wamezipandisha kwenye 19 ili zipendeze. Dai za asili urudishiwe, au toa bei yake.

Giaboksi: mimi ningechukua ya mkono, gia 6. Klachi ya mkono fundi mwangalifu wa hapa ataibadilisha akiwa na kitabu na vifaa. Ile PDK, giaboksi ya Porsche inayobadilisha gia yenyewe, ni nzuri sana ikiwa nzima, lakini kihisi kimoja tu cha ndani kikifa, watu wengi huambiwa wanunue giaboksi nzima. Linalonitia wasiwasi ni goti lako la kushoto. Kukanyaga klachi kutoka Amani mpaka Darajani saa mbili za asubuhi si mchezo. Ikiwa goti haliwezi, badala ya PDK tazama Lexus LC 500. Ilitoka 2017, V8 ya lita 5 isiyo na turbo, na injini ya ukoo huo imetumika tangu Lexus IS F ya 2007 bila kuwasumbua watu sana. Ila ni nzito, karibu tani 1.9, na umbali wa tairi zake ni milimita 2,870. Shaame atahitaji ubao wa tatu.

Ukienda kuikagua hiyo 911, fanya hivi. Fika injini ikiwa baridi, mwambie mapema asiiwashe. Washa kiyoyozi, uiname mbele: feni zote mbili, kushoto na kulia, lazima zizunguke kwa mwendo mdogo. Ikiwa moja haizunguki, mara nyingi kizuizi cha umeme chake kimeungua, na kwetu gari itapanda moto foleni. Piga tochi ndani ya matundu ya bampa. Rediata na kondensa ziko humo pembeni, majani yanajikusanya, yanaoza, yanakula aluminiamu. Ukiongeza chumvi ya barabara za Uingereza wakati wa baridi, halafu chumvi ya bahari yetu, haitamaliza masika mbili. Nyuma, injini iliko, koili 6 za plagi ziko karibu na moto wa ekzosi na hupasuka ganda; injini ikikosa kosa wakati wa unyevu, ni hizo. Soma tarakimu nne kwenye tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nene lakini ya zamani ni hatari kwenye lami ya moto.

Ukiinunua, kwenye kontena tia ndani koili 6, mkanda wa injini, pampu ya maji, filta, seti ya pedi za breki, kondensa mbili mpya, na tairi mbili za nyuma. 997 nyingi hazina tairi ya akiba, zina dawa ya kuziba na kipampu. Usisahau dawa ya rediata ya asili. Huku ichanganywe na maji ya kiwandani yaliyotolewa chumvi zote (distilled), si ya kisima. Maji yetu yana chokaa nyingi. Nunua na mashine ya Durametric, inasoma makosa ya 997 kwa kompyuta ya kawaida. Waambie wanaofunga wapitishe mikanda kwenye tairi, si kwenye mikono ya springi.

Na hili mwambie atakayeipokea bandarini. Betri iko mbele chini ya boneti, na boneti hiyo inafunguka kwa umeme. Betri ikifa baharini hakuna kufungua. Asipige nyundo wala bisibisi. Kwenye boksi la fyuzi, miguuni karibu na mlango, kuna ncha ya chanya inayovutwa nje. Aunge chanya ya betri nyingine hapo, hasi kwenye chuma cha kufungia mlango, abonyeze kitufe cha ufunguo, boneti itafunguka. Kisha aunge kwenye betri yenyewe. Injini isiwashwe kupitia ncha ile, haistahimili.

Sasa nijibu haya kwa simu, barua itachelewa. Goti daktari amesemaje, na umewahi kulijaribu kwenye gari ya mkono kwa saa nzima? Hiyo 911 ya Birmingham ni ya 2008 au ya 2009, na kitabu cha sevisi kina mihuri yote? Rimu za 18 anazo stoo? Mama watoto amekaa kiti cha nyuma, au tunaamua bila yeye? Kodi umeulizia kabla ya kupiga hesabu ya bei? Na Salum wa Kikwajuni, ile pesa ya kiwanja mmeshamalizana, maana ananiuliza mimi kila Ijumaa? Bi Zuhura mtakuja naye au atabaki mpaka skuli zifungwe?

Wassalam,
nduguyo Hamad